Kutoka Mamboleo hadi kafyu ya saa moja

Jumanne ya Juni 1, 2021, Kisumu iliamkia vifijo. Uwanja mpya wa Mamboleo, uliopewa jina la Jomo Kenyatta, ulikuwa unaandaa sherehe za Madaraka, mara ya kwanza kwa sikukuu hiyo kuletwa jijini hapa tangu serikali ianze kuizungusha kwenye kaunti. Rais Uhuru Kenyatta alikuwepo, Raila Odinga, kinara wa siasa za huku, alikuwepo, na mgeni wa heshima alikuwa Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi. Ndani ya uwanja waliruhusiwa watu 3,000 tu, wamevaa barakoa na kuketi mbalimbali. Nje hakuna aliyehesabu. Watu walijaa kando ya barabara kuona msafara ukipita, bega kwa bega, na polisi waliokuwa na kazi ya kutawanya mikusanyiko siku hiyo walikuwa na kazi nyingine.

Siku 17 baadaye, Ijumaa ya Juni 18, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba Kisumu na kaunti nyingine 12 za Nyanza, Magharibi na majirani zake zimekuwa kitovu cha maambukizi ya korona. Kafyu ambayo kwingineko nchini ilianza saa nne usiku, huku ikarudishwa hadi saa moja jioni. Mikutano ya hadhara ikapigwa marufuku. Masoko ya wazi yasiyouza chakula yakafungwa kwa siku 30, na minada ya mifugo nayo ikasimama. Marehemu akatakiwa azikwe ndani ya saa 72, na waombolezaji wasizidi 50.

Ukitaka kuelewa kwa nini mpaka leo korona ikitajwa Kisumu mazungumzo hugeuka upesi kuwa ya siasa, anzia kwenye siku hizo 17.

Si kwamba sherehe ndiyo iliyoleta ugonjwa. Aina ya kirusi iliyokuja kuitwa Delta ilikuwa imeshaingia Kisumu mapema. Mwanzoni mwa Mei Wizara ya Afya ilieleza kuwa imegunduliwa kwa wafanyakazi waliotoka India, waliokuwa kwenye kiwanda cha mbolea katika kaunti hii. Uganda nayo ilikuwa inawaka. Siku ile ile ya Juni 18, Rais Yoweri Museveni aliifunga nchi yake kwa siku 42. Malori hayakuacha kupita mpakani Busia na Malaba, na Ziwa Victoria halina geti. Wimbi lingekuja hata kama Mamboleo pangebaki kichaka. Lakini serikali ilikuwa na habari ya Delta mkononi karibu mwezi mzima kabla ya sherehe. Madaktari walionya kwamba huu si wakati wa kukusanya watu. Ikaamuliwa kuwa sherehe itaendelea. Kisha hesabu zilipokuja, kaunti 13 zikiwa na zaidi ya asilimia 20 ya waliopimwa kupatikana na virusi huku wastani wa nchi ukiwa karibu asilimia 9, aliyetakiwa kulipa gharama ni muuza mitumba wa Kibuye.

Hapo ndipo penye donge. Kibuye ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi ukanda huu, na asiyekijua kipimo cha siku 30 kwa mtu anayenunua marobota kwa mkopo na kulipa kila wiki, basi hajawahi kuwa na deni la chama. Hakuna aliyekuja na tangazo la fidia. Hakuna aliyesema kodi ya kibanda itasimama. Waliotangaza walikuwa na mishahara, na mishahara yao haikuwa na kafyu.

Tukirudi nyuma kidogo, Kisumu haikuanza kuishuku serikali mwaka 2021. Wagonjwa wa korona walipelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Oktoba 25, 1969, Rais Jomo Kenyatta, babake Uhuru, alikuja kuifungua hospitali hiyo. Yeye na kiongozi wa upinzani Jaramogi, babake Raila, wakarushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, na walinzi wa rais wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliofariki ni 11. Familia nyingi za huku hazijawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Kwa hiyo mwaka 2021 mtu wa Kisumu alikuwa anamkimbiza mzazi wake hospitali iliyozinduliwa kwa damu, baada ya kutoka kushangilia kwenye uwanja wenye jina la rais yule yule. Sina hakika waandalizi waliliwaza hilo. Wazee wa Kaloleni waliliwaza.

Na ndani ya Russia, Juni na Julai ile, vitanda vya korona vilijaa na oksijeni ikawa ya kugombaniwa. Ndugu wa wagonjwa walijua maneno ambayo mwaka mmoja kabla hawakuwa nayo: kiwango cha oksijeni mwilini, mtungi mdogo, mtungi mkubwa, bei ya kujaza tena. Gavana Anyang' Nyong'o na wahudumu wake wa afya walikuwa wakihangaika, hilo lazima lisemwe, lakini kaunti inategemea mgao wa Nairobi, na mgao wa Nairobi una desturi ya kuchelewa. Tena wahudumu wenyewe walikuwa wametoka kwenye mgomo: wauguzi na maafisa wa kliniki waliacha kazi kote nchini Desemba 2020, wakidai vifaa vya kujikinga na bima, na wengi hawakurudi hadi mwaka mpya ulipokuwa umeshika kasi.

Kafyu yenyewe ni hadithi nyingine. Ya kwanza ilianza Machi 27, 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, wiki mbili baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini. Baadaye shirika la Human Rights Watch liliorodhesha watu wasiopungua sita waliouawa na polisi katika siku 10 za kwanza za kuitekeleza, akiwemo mtoto wa miaka 13 aliyepigwa risasi Nairobi akiwa kwenye roshani ya kwao. Kisumu ilisikiliza habari hizo ikiwa na kumbukumbu zake. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mtoto wa miezi sita alipigwa rungu na polisi ndani ya nyumba yao Nyalenda, akafariki. Ukiwaambia watu wa mtaa huo kwamba polisi wanapita usiku kwa ajili ya afya yao, watakutazama tu.

Lakini hata bila rungu, kafyu ya saa moja ilikuwa amri ya mtu anayedhani usiku ni wa kulala na kunywa pombe. Pwani ya ziwa, usiku ni wa kazi. Omena, dagaa wa ziwani, haivuliwi mchana. Mashua zinatoka jua likizama, hasa zile siku ambazo mwezi hautoki mapema, zikiwa na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa zinaelea juu ya maji, wadudu wanakusanyika, omena wanafuata mwanga, na wavuvi wanazungusha wavu taratibu ili wasiwashtue. Ukisimama ufuoni usiku wa giza utadhani kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Alfajiri mashua zinarudi, na kina mama wanakuwa wameshafika na beseni zao, maana anayefika kwanza ndiye anayepata mzigo mzuri. Omena inaanikwa kabla jua halijapanda, ikichelewa inaoza au inanyeshewa, na ikinyeshewa inageuka kuwa chakula cha kuku kwa bei ya chakula cha kuku.

Sasa mweke mama huyo kwenye kafyu. Anatakiwa awe ufuoni kabla ya kupambazuka, ilhali kutoka nje kabla ya kupambazuka ni kosa. Matatu imeagizwa kubeba nusu ya abiria na nauli imepanda. Bodaboda anayekubali kumpeleka anataka nyongeza ya hofu. Na akikutana na askari njiani, kitambulisho chake hakionyeshi kwamba yeye ni mtoa huduma muhimu. Kwenye orodha za huduma muhimu chakula kilitajwa, ila mtu aliyebeba beseni tupu saa kumi alfajiri hafanani na chakula. Anatoa kitu kidogo, anapita. Faida ya siku imeliwa kabla hajaona samaki.

Mwaka ule wa 2020 ziwa nalo lilikuwa limeamua lake. Mei maji yalifikia kina ambacho hakijawahi kupimwa, fuo zikamezwa, Nyando na Budalang'i zikafurika, na maelfu wakahamia kwenye shule na makanisa. Wakiwa wamelala familia kadhaa darasa moja, redio iliwakumbusha kukaa mbalimbali na kunawa kwa maji safi.

Hayo ya soko na kafyu yanauma mfukoni. Ya maziko yanauma kwingine.

Aprili 2020, mfanyakazi wa Mamlaka ya Bandari aliyesafiri kutoka Mombasa alifariki Siaya, na ikabainika alikuwa na korona. Alizikwa usiku wa manane. Video iliyosambaa inaonyesha watu waliovalia mavazi meupe ya kujikinga wakiushusha mwili ulio ndani ya mfuko, bila jeneza, kwenye kaburi lililochimbwa harakaharaka, wakaufukia na kuondoka. Familia ilipelekwa karantini. Baadaye suala hilo likafikishwa mahakamani.

Msomaji wa mbali anaweza kuona hapo hatua za usalama zilizofanywa kwa papara, na kwa kiasi fulani atakuwa sahihi, kwani wakati ule hata wataalamu walikuwa hawajajua vizuri mwili wa marehemu una hatari gani. Lakini huku ni nchi ambayo mwili wa wakili S.M. Otieno ulikaa zaidi ya miezi mitano, kati ya Desemba 1986 na Mei 1987, kesi ikipanda hadi Mahakama ya Rufaa kuamua azikwe wapi, na hatimaye akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kaunti ile ile. Mtu hurudishwa nyumbani, anaoneshwa boma lake, anaagwa mchana na watu wanaomjua kwa jina. Kumzika gizani, mikononi mwa wageni, ni jambo ambalo kwa desturi za hapa hufanyiwa mtu aliyekuwa na jambo baya. Serikali haikumweleza yeyote. Ilichimba tu. Na katika mwezi mmoja wa kwanza wa janga, watu wengi wa Siaya na Kisumu walijifunza jambo moja kuhusu korona: usiende kupimwa. Ukipatikana nayo, hata kifo chako si chako.

Ndiyo maana agizo la saa 72 la Juni 2021 lilipokelewa kama tusi, ingawa kwa hoja ya kiafya lilikuwa na maana; matanga ya siku nyingi, yenye muziki wa usiku kucha, yalikuwa yanasambaza virusi, na vijana waliendelea kucheza disko matanga vichakani polisi walipogeuza kisogo. Kisumu nayo haikuwa malaika. Jambo linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja ni kwamba Raila alipofariki India Oktoba 15, 2025, ilielezwa kuwa yeye mwenyewe aliacha wosia azikwe ndani ya saa 72. Mwili wake ukapitishwa Mamboleo, uwanja ule ule, kisha akazikwa Bondo Oktoba 19, saa hizo zikiwa zimeshapita kidogo. Watu walilia kwamba ni haraka mno, lakini wakakubali. Ombi la mtu wao na amri ya waziri ni vitu viwili, hata kama saa ni zile zile.

Halafu kuna pesa.

Agosti 2020 runinga ya NTV ilipeperusha uchunguzi wake kuhusu walivyotajirika wachache kwa zabuni za korona, na Wakenya wakalijua vizuri jina la KEMSA, mamlaka ya kununua na kusambaza dawa. Ununuzi uliohojiwa ulikuwa wa takriban Sh7.8 bilioni: barakoa na mavazi ya kujikinga kwa bei ya juu kuliko ya soko, kwa kampuni ambazo baadhi hazikuwa na historia ya biashara hiyo, na shehena kubwa ikabaki imelala kwenye maghala. Rais Kenyatta akatoa siku 21 uchunguzi ukamilike. Siku 21 zikapita. Wabunge wakakaa vikao chini ya Abdulswamad Nassir, Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu akaandika ripoti, wakurugenzi wakiwa tayari wamesimamishwa. Januari 2021 Rais mwenyewe akasema redioni kwamba nchi inaibiwa Sh2 bilioni kila siku, kwa sauti ya mtu anayelalamika, na wasikilizaji wakabaki wakijiuliza analalamika kwa nani.

Kisumu iliilipia kashfa ya KEMSA kwa njia ambayo Nairobi haikuiona vizuri. Ukanda huu ndio wenye kiwango cha juu zaidi cha virusi vya Ukimwi nchini. Homa Bay, Siaya, Kisumu na Migori zimekuwa juu ya orodha kwa miaka. Mamia ya maelfu ya watu wanakunywa ARV kila siku. Mwanzoni mwa 2021 shehena ya dawa hizo iliyotolewa na Marekani ilikwama bandarini Mombasa. Serikali ya Kenya ilitaka kodi. Wamarekani hawakutaka dawa zao zipitie KEMSA baada ya yote yaliyofichuka. Mabishano yakachukua miezi. Kliniki zilizokuwa zikimpa mtu dawa za miezi mitatu zikaanza kumpa za mwezi, kisha za wiki. Kwa mtu anayesafiri kwa mashua kutoka kisiwani hadi Mbita kuchukua dawa, kufuata za wiki moja ni kuacha uvuvi.

Aprili ile watu wapatao 200 wanaoishi na virusi waliandamana mjini Kisumu, kwa amani, wakiwa na fulana na mabango ya kuitaka serikali iache siasa kwenye maisha yao. Fikiria ujasiri huo. Mtu ambaye kwa miaka amekuwa akificha kopo la dawa asilione jirani, anatoka katikati ya jiji akiwa na maandishi kifuani. Sikumbuki maandamano mengine ya kipindi kile yaliyosema mengi zaidi, na hayakuhusu korona hata kidogo, ila yalihusu ofisi ile ile.

Na huku haya yakiendelea, siasa haikuvaa barakoa. Mikutano ya BBI, mpango wa kubadili katiba, ilijaza viwanja mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021. Siaya ilikuwa kaunti ya kwanza kupitisha mswada wake Februari. Mwezi huo huo, Shirika la Reli lilibomoa makazi ya Wanubi wa Kibos, zaidi ya watu 3,000 wakabaki bila paa, wakati Rais alikuwa ameagiza Mei 2020 kwamba watu wasifurushwe makwao janga likiendelea. Machi Raila akapatikana na korona, akalazwa, akapona. Kaa nyumbani, waliambiwa watu wa Kibos. Nyumba ipi?

Chanjo zilipokuja, hasira ilizitangulia. Dozi za kwanza, zaidi ya milioni moja za AstraZeneca kupitia mpango wa COVAX, zilitua Nairobi Machi 3, 2021. India ikasitisha kuuza nje, na waliochomwa ya kwanza wakaambiwa wasubiri ya pili kwa wiki 12 badala ya nane. Wimbi la Juni liliikuta Kisumu katikati ya kusubiri huko. Novemba Kagwe akageuza maneno: asiyechanjwa hatapata huduma za serikali kuanzia Desemba 21. Mahakama Kuu ikalizuia agizo hilo. Serikali iliyoshindwa kuwapa watu dozi ya pili Juni ilitaka kuwanyima huduma Desemba kwa kukosa dozi.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, Sikukuu ya Mashujaa, Rais akitangaza kule Wang'uru, Kirinyaga. Kisumu ilishangilia usiku huo hadi asubuhi. Uchaguzi ukaja, serikali ikabadilika, barakoa zikapotea.

Mei 2023 KEMSA ikarudi kwenye vichwa vya habari. Safari hii ilikuwa zabuni ya vyandarua ya Sh3.7 bilioni, fedha za Global Fund, iliyovurugika kiasi cha wafadhili kuamua kuvinunua wenyewe. Rais William Ruto akamfuta kazi Katibu wa Afya ya Umma na kuivunja bodi ya mamlaka hiyo. Kwa Nairobi hiyo ilikuwa habari ya wiki mbili. Huku ni kwingine: utafiti wa kitaifa wa 2020 ulionyesha kwamba kando ya ziwa asilimia 19 ya watoto walikuwa na vimelea vya malaria, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 6. Kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero na kwenye kingo za Nzoia ambako maji ya 2020 yalichukua muda mrefu kukauka, watu waliuliza swali lile lile la Agosti 2020. Nani atafungwa?